Vikao vya walimu vimekuwa vya kusikiliza tu: nifanyeje ili walimu wangu waseme na shule iwe yao?

Mwalimu Mkuu, Uyui

Habari za kazi walimu wenzangu, na shikamooni wakubwa mliotutangulia katika kazi hii.

Mwezi Januari mwaka huu nilikabidhiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, baada ya kufundisha kwa miaka 11 katika shule nyingine mbili za mkoa huuhuu. Tuna walimu 9, wanafunzi zaidi ya 700, na wazazi ambao wengi wao wanaishi kwa tumbaku, mahindi na mifugo. Majengo si haba, kwani madarasa mawili mapya yalikamilika kabla sijafika. Kinachonisumbua ni kimya cha walimu wangu.

Tangu nianze kazi nimeitisha vikao 5, vya kawaida na vya dharura. Katika kila kikao nimefuata utaratibu niliourithi: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, maagizo kutoka kata na halmashauri, taarifa ya taaluma, na mwishoni mengineyo. Ninapofika kwenye mengineyo nauliza kama kuna mwenye swali au hoja, na walimu wote hutazama madaftari yao mpaka mmoja aseme kwamba yote yameeleweka. Tunafunga. Dakika chache baadaye ninawasikia chini ya mwembe ulio karibu na ofisi wakiyazungumza yaleyale tuliyoyapita, kwa kina na kwa uchungu, na mara nyingi wakiwa na mawazo bora kuliko niliyoyaleta mimi. Siwalaumu, kwa sababu nami nilikaa chini ya miembe ya namna hiyo miaka yote 11.

Lililonisukuma kuandika ni habari ya mtoto mmoja wa darasa la tatu. Familia yake ni ya wafugaji waliohamia kijijini kwetu Septemba mwaka jana, na mtoto alikuja akizungumza Kisukuma kizuri na Kiswahili kidogo. Mwezi Februari aliacha kuja shule, nami nikajua baada ya wiki 5, nilipokuwa ninajumlisha mahudhurio. Nilipoulizia niligundua kwamba walimu wanne walikuwa na habari zake, kila mmoja na kipande chake. Mwalimu wa darasa alijua kwamba wenzake humcheka kila anaposimama kusoma. Mwalimu wa zamu alimkuta mara tatu amejificha nyuma ya choo wakati wa kipindi. Mwalimu wa michezo alijua kwamba mtoto huyo ni golikipa hodari na kwamba hakuwahi kukosa siku za michezo. Mwalimu wa nne, aliyepanga nyumba jirani na baba mdogo wa mtoto huyo, alijua kwamba nyumbani wanangoja aanze kuchunga. Vipande hivyo vinne vingekutanishwa mara moja tu, huenda mtoto angekuwa darasani leo. Nilimwuliza mwalimu wa darasa kwa nini hakulisema jambo hilo kikaoni, naye akanijibu kwa heshima kabisa: "Mwalimu, halikuwa kwenye ajenda."

Tangu siku hiyo ninajiuliza mtoto atajionaje kuwa wa shule hii ikiwa mwalimu wake mwenyewe haoni kama ana nafasi ya kusema neno katika shule hiyohiyo.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Ninyi mliowahi kuongoza shule, kimya cha namna hii mlikivunjaje, kwa njia ambazo mtu anaweza kuanza nazo wiki ijayo bila kungoja semina? Na la pili, mimi nami nina wakubwa wangu. Nifanyeje pale walimu watakapotoa hoja nisizo na uwezo nazo, au zinazopingana na agizo nililopewa? Sitaki kuwafungulia mlango halafu wakute ukuta nyuma yake.

Mwalimu Mstaafu, Tabora Mjini

Marahaba mwanangu, na pole kwa majukumu. Nilianza kufundisha mwaka 1978 na kustaafu mwaka 2014, na katika miaka hiyo nimekuwa mwalimu wa kukaa nyuma kikaoni na nimekuwa mwalimu mkuu wa kukaa mbele.

Kwanza, usikichukue kimya hicho kuwa ni uvivu au kutojali, kwa maana kimya cha walimu ni funzo walilolipata mahali fulani. Katika shule moja niliyofundisha miaka ya tisini, mwalimu kijana aliuliza kikaoni mahindi ya shamba la shule yameuzwa kwa nani na fedha zimeingia wapi. Aliuliza kwa adabu, na swali lake halikujibiwa wala halikukemewa. Baada ya miezi miwili akapata barua ya uhamisho kwenda shule ya mbali kiasi cha kumlazimu kuiacha familia yake. Pengine barua ile haikuhusiana kabisa na swali lake, hakuna aliyejua. Lakini kwa miaka minne iliyofuata sikumsikia mwalimu yeyote akiuliza habari za fedha katika shule ile, na wale waliohamia kwingine waliondoka na funzo hilo mikononi. Walimu wako 9 wametoka shule mbalimbali, na kila mmoja amekuja na barua ya namna hiyo, iwe aliipata yeye au aliyeipata ni mwenzake. Anayeogopwa hapo ni mtu aliyekalia kiti hicho kabla yako, katika shule hiyo au nyingine, na itakuchukua muda kuonyesha kwamba kiti kina mtu mwingine.

Pili, umesema mwenyewe kwamba nafasi ya walimu kusema ni kwenye mengineyo. Hapo pana kasoro kubwa kuliko inavyoonekana. Vikao vyetu huanza saa nane mchana baada ya vipindi, na mengineyo hufikiwa karibu saa kumi, wakati mwenye mtoto mchanga anamuwaza mtoto, anayekaa mbali anayatazama mawingu, na kila mtu anajua kwamba atakayenyoosha mkono atawachelewesha wenzake. Mwalimu anayenyamaza wakati huo anawaonea wenzake huruma. Wape walimu nafasi hiyo mwanzoni, mara tu baada ya kufungua, na maagizo ya kata yasubiri. Maagizo hayatapotea, kwa sababu yameandikwa, lakini la mwalimu lisiposemwa siku hiyo huenda lisisemwe tena.

Tatu, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote: katika muhtasari hakuna kipengele chenye nguvu kama yatokanayo, nacho ndicho tunachokisoma kwa haraka kuliko vyote. Mwalimu akitoa hoja, iandikwe kama alivyoisema, pamoja na uamuzi uliofikiwa, jina la atakayetekeleza na tarehe. Kikao kinachofuata mwombe yeye mwenyewe aliyeitoa asome imefikia wapi. Nilipokuwa mwalimu mkuu mara ya kwanza, mwalimu mmoja alisema, tena kwa wasiwasi, kwamba chaki zinafungiwa ofisini kwangu na kwamba nikichelewa asubuhi madarasa yote yanangoja. Lilikuwa jambo dogo sana, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Kesho yake nilimkabidhi mwalimu wa taaluma ufunguo, na mwezi uliofuata jambo hilo likasomwa kwenye yatokanayo kuwa limekamilika. Siku hiyo zilitolewa hoja tatu. Walimu walikuwa wameona kwamba neno likisemwa linarudi likiwa limezaa kitu.

Kuhusu ukuta unaouhofia, mwanangu, ukuta upo na walimu wanaujua. Hawakutarajii upandishe mishahara wala uzuie uhamisho. Yatenganishe mapema yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako. Ratiba, zamu, mgawanyo wa madarasa, namna ya kuwapokea wanafunzi wapya, mpangilio wa matumizi ya fedha za ruzuku kabla hujaupeleka kwenye kamati ya shule ambayo wewe ni katibu wake, hayo yote yanazungumzika shuleni. Yaliyo juu yako yaandike na uyapeleke kwa Afisa Elimu Kata kwa maandishi, kisha uwasomee walimu nakala ya barua. Na pale jibu linapokuwa hapana, sema hapana na utoe sababu. Walimu wamechoka kuambiwa "tutalifanyia kazi" kuliko walivyochoka kunyimwa.

Niongeze hapa jambo moja la mgawanyo wa madarasa, maana nimeliona likiharibu shule nyingi. Darasa la kwanza hupewa mwalimu mgeni, au yule ambaye mkuu hapatani naye, kwa sababu ndilo lenye watoto wengi na kazi ngumu, hasa tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 na watoto wakaongezeka. Mtoto anaanza shule mikononi mwa mtu aliyepewa darasa hilo kama adhabu, na analihisi hilo hata kama hawezi kulisema. Waulize walimu wenyewe nani ana karama ya watoto wadogo. Wanajua.

Wala usidhani kwamba kuwapa walimu nafasi ya kusema ni hisani yako. Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu lililopitishwa na mataifa huko Paris tarehe 5 Oktoba 1966, ambayo ndiyo siku tunayoiadhimisha kuwa Siku ya Walimu Duniani, linataka walimu washirikishwe katika kutengeneza mitaala na vitabu, na vyama vyao vihusishwe katika kuamua sera. Na hapa Tabora ndipo Mwalimu Nyerere aliposoma sekondari, akarudi kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwaka 1967, alipoeleza Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe jamii kamili yenye kufanya kazi na kuamua pamoja, wanafunzi wakiwemo. Tulilichukua shamba la shule tukaliacha la kuamua pamoja, jambo ambalo limenihuzunisha kwa miaka mingi.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Sikonge

Shikamoo mwalimu mstaafu. Nimesoma ulichoandika kuhusu darasa la kwanza mara mbili, kwa sababu nilipewa darasa hilo wiki niliyoripoti.

Mimi ni mzaliwa wa Mbeya. Nilipopangiwa kituo changu cha kwanza niliteremka kwenye pikipiki na sanduku moja, nikamkuta kiongozi wa shule niliyopangiwa wakati ule, akaipokea barua yangu, akaniambia nitafute nyumba kijijini, kisha akaendelea na kazi zake. Nililala wiki tatu nyumbani kwa muuguzi wa zahanati, ambaye hakuwa ananijua. Kikaoni sikusema neno kwa mwaka mzima. Hakuna aliyenikataza. Sikuona kwamba yanayosemwa pale yananihusu, kama ambavyo mgeni hasemi kitu juu ya mipango ya nyumba aliyofikia.

Aliyenitoa katika hali hiyo ni mwalimu mmoja mama, wa umri wa mama yangu, ambaye Jumamosi moja alinichukua tukazunguka kijiji kizima: kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa wazazi wa watoto wa darasa langu, kwa mama muuza samaki. Alinifundisha kusema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya huku, na namna ya kuinama ninaposema. Jumatatu yake watoto wa darasa la kwanza walinisalimu kwa sauti nyingine kabisa, na ndani ya mwezi mmoja mzazi mmoja aliniletea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye ungo uliofunikwa kwa kitambaa, akisema kwamba mwalimu wa mwanawe hawezi kukaa bila chakula cha nyumbani. Niliipokea nikalia. Kwa hiyo, mwalimu mkuu wa Uyui, kabla ya kuwauliza walimu wako wana maoni gani, ningeomba uangalie kila mmoja alipokewaje na anaishije. Yupo anayetembea saa nzima kila asubuhi? Yupo ambaye hajawahi kutambulishwa kwenye mkutano wa kijiji? Walimu wa namna hiyo ukiwauliza kama kuna swali, hawatakuwa nalo.

La pili ni swali lenyewe. "Kuna mwenye hoja?" huulizwa watu wote, kwa hiyo haulizwi mtu yeyote. Siku niliyoanza kusema kikaoni, mwalimu mkuu msaidizi alikuwa ameniuliza kwa jina ni watoto wangapi katika darasa langu hawajaweza kushika penseli, na ninadhani sababu ni nini. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyelijua jibu. Nilizungumza karibu dakika kumi, nikieleza kwamba wengi wao ni wale ambao hawakupitia darasa la awali, na kwamba nilihitaji mwalimu wa pili kwa vipindi vya asubuhi kwa miezi miwili tu. Nilimpata.

Na la mwisho, angalia nani hukaa wapi. Shuleni kwetu wanaume hukaa karibu na meza na wanawake karibu na mlango, na waliokaribu na meza ndio husikika. Mahitaji ya wasichana wa darasa la sita na la saba, yaani maji chooni, mlango wenye komeo na mahali pa kujisitiri wanapokuwa katika siku zao, yalikaa miaka miwili bila kutajwa, ingawa walimu wanawake wote tuliyajua. Tulikuja kuyasema siku tulipopanga viti kwa duara, kwa wazo la mwalimu wa michezo.

Mwalimu wa Sekondari, Kasulu

Mimi ninaandika kutoka mkoa jirani wa Kigoma, na ningependa kutofautiana kidogo na walionitangulia. Kikao rasmi chenye muhtasari kina kazi yake, lakini habari ya mtoto kama yule wa darasa la tatu haitasemwa vizuri pale, hata kama kingeanza na hoja za walimu. Ni habari inayohitaji watu wachache, muda wa kutosha na kutohukumiwa.

Shuleni kwetu tunaifanya katika jumuiya ya kujifunza, ile tunayotakiwa kuwa nayo chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Ninajua kwamba katika shule nyingi jumuiya hizo zimekuwa kazi ya kujaza fomu na kupiga picha za ushahidi, na kwetu zilianza hivyohivyo. Zilibadilika tulipokubaliana kwamba dakika 20 za mwanzo tutazungumza kuhusu mwanafunzi mmoja tu, na kila mwalimu anayemfundisha aseme alichokiona, bila kutoa ushauri kwanza.

Mwanafunzi wa nne tuliyemzungumzia alikuwa msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, chini ya ule utaratibu ambao Serikali iliutangaza Novemba 2021. Alama zake zilikuwa zinashuka na wengi wetu tulidhani ni uchovu wa kulea. Ndipo mwalimu wetu wa ajira mpya, aliyekuwa na miezi mitano tu kazini, akasema kwa sauti ya chini kwamba wakati wa mstari wa asubuhi baadhi yetu tunapowaonya wasichana huwa tunamtazama yule binti, na wanafunzi wote huyafuata macho yetu. Chumba kilinyamaza. Mmoja wa waliokuwa wanatazama hivyo ni mimi, na nina miaka 14 kazini. Tuliacha. Baadaye, binti mwenyewe alipokubali, tulimwomba aongoze kikundi cha hisabati cha kidato chake, kwa sababu ndilo somo alilokuwa nalo imara tangu zamani.

Kama neno lile lingesemwa katika kikao cha walimu wote, mbele ya mkuu wa shule na mbele ya kalamu ya katibu, ninaamini yule mwalimu kijana asingelisema, nami pengine ningejitetea.

Kuhusu lugha, watoto wetu wengi huingia darasa la kwanza wakiwa na Kiha peke yake, na mpaka leo nawakuta vijana wa kidato cha kwanza ambao hawanyooshi mkono kwa sababu walichekwa wakiwa na miaka saba. Mwalimu wa darasa la tatu hapo kwako angeweza kumwita mtoto mwingine anayejua Kisukuma na Kiswahili akae naye dawati moja, na hata mwalimu mwenyewe kujifunza maneno 10 ya Kisukuma na kuyatamka mbele ya darasa, akikosea na kusahihishwa na yule mtoto. Darasa likimwona mwalimu anajifunza kutoka kwa mtoto waliyekuwa wanamcheka, kicheko hukosa pa kushika.

Mama Mjumbe wa Kamati ya Shule, Kaliua

Salaam kwenu walimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi na mkulima wa tumbaku, na nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule ya kijiji chetu kwa miaka mitano.

Ninaunga mkono walimu wasikilizwe, lakini ninaomba mtusikilize nasi wazazi, kwa sababu jambo mnaloliita utoro sisi tunalijua kwa jina jingine. Kuanzia Januari hadi Aprili tunachuma na kukausha, bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, likishawashwa moto halizimwi usiku wala mchana, na mwenye watoto watano na mke mgonjwa hana mtu mwingine wa kumwita. Sisemi kwamba ni sawa mtoto kukosa shule, na katika kamati tumewahi kumwita mzazi mara tatu kwa ajili hiyo. Ninasema kwamba mwalimu wa darasa huwa anaijua nyumba yenye shida hiyo tangu mwezi Novemba miche inapohamishiwa shambani, na mtu akimuuliza wakati huo, tunaweza kuzungumza na mzazi kabla mtoto hajapotea. Kwetu mwalimu wa darasa la tano alileta orodha ya watoto 12 aliokuwa na hofu nao. Kamati iligawana nyumba hizo, na waliokosa masomo kwa muda mrefu msimu ule walikuwa wawili.

Watoto wa wafugaji ni jambo tofauti. Wanakuja katikati ya mwaka bila barua ya uhamisho, na karani wa mambo hayo huwa ni mwalimu mkuu mwenyewe aliyebanwa na kazi nyingine. Mtoto anaweza kukaa wiki mbili darasani jina lake halijaingia kwenye kitabu cha mahudhurio. Mtoto ambaye haitwi jina asubuhi hajui kama amefika. Mwalimu mkuu, liandike jina lake siku hiyohiyo kwa penseli, barua itafuata. Nawe umtafute yule mtoto, usingoje kamati ikuandikie.

Mwalimu Mkuu, Uyui

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa muda mrefu kwa sababu sikutaka kurudi na shukrani tupu. Sasa ni Julai, na tumefanya vikao vitatu tangu mliponijibu.

Cha kwanza nilikianza kwa hoja za walimu kama alivyoelekeza mzee, na tulikaa karibu robo saa bila mtu kusema. Ilikuwa vigumu kuvumilia na nilikaribia kuendelea na maagizo. Kisha nikakumbuka ushauri wa mwalimu wa Sikonge, nikamwuliza mwalimu wa darasa la tatu kwa jina ni jambo gani katika ratiba ya zamu linalomwumiza. Akasema kwamba walimu wawili wanaokaa kijiji cha pili hupangiwa zamu ya kufungua shule saa kumi na mbili na nusu, na kwamba wakati wa mvua yeye huvuka mto gizani. Nilikuwa nimeisaini ratiba hiyo mimi mwenyewe bila kujua. Tuliibadilisha palepale, na ilisomwa kwenye yatokanayo mwezi wa Juni. Katika kikao hicho cha pili zilitolewa hoja nne, mojawapo ikiwa ya kuomba tusifanye mitihani ya majaribio kila wiki. Hiyo niliikataa kwa sehemu, kwa sababu ratiba ya mitihani ya kata haimo mikononi mwangu, lakini mitihani ya ndani tumeipunguza, na barua kuhusu ile ya kata nimeipeleka na kuwasomea nakala yake. Jibu halijaja. Nimewaambia hivyo.

Walimu wawili bado hawajasema neno, nami sijawalazimisha. Mmoja wao ameanza kubaki mezani baada ya kikao badala ya kwenda mwembeni.

Tulimtafuta mtoto. Tulikwenda Jumamosi mbili, mimi, mwalimu wa darasa na mwalimu wa michezo, na boma tulilikuta limehamwa. Baba yake mdogo alituambia kwamba wamevuka kuelekea upande wa Kaliua kutafuta malisho, akatupatia jina la kitongoji. Mama mjumbe, ndiyo maana nimekutumia ujumbe pembeni, na ninakushukuru kwa kukubali kuulizia. Baba mdogo alisema jambo jingine pia: kwamba siku ya kuondoka mtoto aliuliza kama kule wanakokwenda kuna shule yenye magoli.

Kwa utaratibu, mwanafunzi asiyeonekana kwa muda mrefu hutakiwa kutolewa taarifa kuwa mtoro wa kudumu. Mwalimu wa darasa ameomba tusimfute kwenye kitabu cha mahudhurio kabla hatujapata jibu kutoka Kaliua. Ni ajenda ya kwanza ya kikao cha Ijumaa hii, na yeye ndiye atakayekiongoza.